Orodha ya Vivuko

Lazima nianze kwa kueleza mwano, kwa sababu asiyeujua hataelewa ni kwa nini wanaume watatu waliyafuata maji badala ya kuyakimbia.

Mwano ni ukelele wa hatari. Kwetu Usukumani, ng'ombe wakiibwa, mwenye zizi hupiga yowe au filimbi. Jirani anayesikia huupokea naye akapiga, na wa mbele yake vivyo hivyo, hata kabla uji haujachemka kijiji kizima kimekwisha kupata habari. Wanawake huingiza watoto ndani na kufunga milango. Wanaume hutoka na pinde, marungu na mapanga, wakakimbia. Lakini hawakimbii ovyo, kila mmoja ana mahali pake. Anayechelewa hutozwa faini. Asiyetokea kabisa hususiwa na kijiji: hapewi moto, hasaidiwi kulima, hata akifiwa hapati mtu wa kumchimbia kaburi. Na hakuna anayesimama kuuliza mwano ni wa nini, maana anayeuliza huhesabiwa amechelewa.

Nilikuwa katibu wa sungusungu katika kijiji chetu, mwendo wa saa tatu kwa baiskeli kutoka Bariadi mjini. Siku hizi tuko Mkoa wa Simiyu, wakati ule tulihesabiwa Shinyanga. Nilichaguliwa kwa sababu ya mwandiko. Nilikuwa nimeishia darasa la saba, lakini nilisoma kila karatasi iliyonifikia: vijitabu vya kilimo vya ushirika, gazeti lililofungia sukari, kitabu cha huduma ya kwanza kisicho na jalada.

Kazi niliyoifanya kwa bidii kuliko zote ilikuwa kupanga vivuko. Wezi wa ng'ombe walipitia mtoni, na mto wetu, kama mito mingi ya upande huu, ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Una mahali panne ambapo kingo si kali na mifugo inaweza kushuka. Nilipapima pote kwa hatua. Chini ya kila kivuko niliandika majina ya wanaume wanaokaa karibu nacho, kisha nikaandika agizo: mwano ukilia, walinzi wavuke kwanza wasimame ng'ambo, ili mwizi akishuka na ng'ombe akutane na mishale mbele yake. Mtemi wa sungusungu, yaani mkuu wetu, mzee mrefu aliyekuwa na jicho moja zima, alinisikiliza nikiisoma orodha yote mkutanoni. Akasema, "Huyu kijana ana kichwa." Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyepata mke.

Zamani hatukuwa na mwano peke yake. Juu ya kilima, kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, kilining'inia kipande cha reli. Karani wa mizani alikigonga polepole siku za kupima pamba na siku za mikutano. Kikigongwa haraka haraka bila kupumzika, ilikuwa moto au mafuriko, na maana yake ilikuwa moja: acha ulichoshika, panda kilimani. Mama yangu aliwahi kunibeba mgongoni kwenda huko nikiwa mdogo. Ninakumbuka harufu ya pamba mle ghalani na watu wakikaa juu ya marobota, wakitazama maji chini.

Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi waliingia na malori, kila mmoja na mizani yake, na chama chetu kikabaki na ubao wa jina na mwenyekiti. Mnunuzi mmoja akalikodi ghala. Alileta kufuli lake na mlinzi wake, mtu wa mbali asiyejua Kisukuma, na msimu ulipokwisha akaondoka na funguo. Tulipopanda kutazama, kipande cha reli hakikuwepo. Wapo waliosema kilitupwa kwenye lori pamoja na vyuma chakavu. Wengine walisema kuna mhunzi aliyekifua majembe. Niliuliza kwa watu saba na sikupata jibu moja lililolingana na lingine.

Nikalipeleka jambo hilo mkutanoni.

"Tumebaki na mlio mmoja tu," nilisema. "Mto ukifurika tutaambianaje?"

"Kwa mwano," akajibu mtu mmoja bila kuinua kichwa.

"Mwano unawaita watu waje. Mafuriko yanataka waondoke."

"Sasa wewe katibu, maji yakija utasimama uyasomee orodha?"

Watu wakacheka. Mwingine akadakia, "Mwacheni, anataka kengele. Mjengeeni na kanisa kabisa, awe katekista wetu!"

Mtemi aliwaacha wacheke wamalize. Akasema mwaka ule mvua zenyewe hazionekani, tumalize kwanza shauri la ng'ombe walioibwa, na hilo la reli tutaliangalia. Niliandika "litaangaliwa" na kugeuza ukurasa. Ningeweza kung'ang'ania. Sikung'ang'ania kwa sababu nilikuwa nimechekwa.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua, saa tisa alasiri. Nilikuwa natafuta maksai wangu aliyekata kamba, nikafika kwenye mwinuko ulio juu ya kivuko cha tatu. Kwetu haikuwa imenyesha kwa siku nne. Wingu lilikuwa mbali, mashariki, juu ya vilima, mvua ya watu wengine. Chini mtoni wanawake sita walikuwa wakichota maji kwenye visima walivyochimba mchangani, watoto mgongoni, ndoo zimepangwa.

Nilisikia mngurumo nikadhani ni lori la pamba. Kisha nikakumbuka kwamba upande ule hakuna barabara. Nikatazama juu ya mto nikaona yangeyange wakiruka kwa makundi, na nyuma yao maji yakikata kona. Mbele ya maji kulikuwa na zizi zima la miiba, la mtu fulani huko juu, linakuja limesimama vilevile kama lilivyojengwa.

Yalikuwa bado mbali kidogo. Niliwapigia kelele wanawake, lakini upepo ulikuwa unanijia usoni na hakuna aliyegeuka. Viongozi wa sungusungu tulivaa filimbi shingoni wakati wote. Niliipuliza kwa mlio ambao kila mtu aliujua, ule wa mwano.

Wanawake walisikia. Waliacha ndoo, wakapanda ukingo wakikimbilia majumbani kufunga milango, kama walivyozoea. Wote sita walipona. Ni lazima niliandike hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kwa miaka mingi nimejitetea nalo mbele yangu mwenyewe, na halijawahi kunitosha.

Nikasikia filimbi ya pili upande wa kaskazini, halafu ya tatu, halafu yowe. Mwano umepokelewa. Kwa pumzi chache nilifurahi. Kisha nikaona wanaume wanatoka majumbani na pinde wakishuka kuelekea mtoni, kila mmoja kwenye kivuko chake, upesi na kwa utaratibu, bila hata mmoja kupotea njia.

Wa kivuko cha kwanza na cha pili waliyaona maji wakasimama. Wa cha tatu niliwafikia mwenyewe, nikamshika wa mbele kwa ukosi. Cha nne kiko nyuma ya kona, kati ya migunga, na ukiwa pale huuoni mto wa juu mpaka uwe umefika. Wanaume wanne walikuwa kwenye orodha yangu pale. Mmoja alikatikiwa na mkanda wa katambuga, vile viatu vyetu vya matairi, akainama kuufunga. Watatu walianza kuvuka kama nilivyoagiza. Mto pale una upana wa hatua sitini, nilizihesabu mimi. Walikuwa katikati.

Yule wa katambuga alituambia baadaye kwamba hawakupiga kelele. Aligeuza uso alipokuwa akisema. "Walisimama tu," alisema. "Waliushikilia mshale kwenye upinde, wakatazama kule, kama wanaongoja waone ni nani anayekuja."

Mmoja wa hao watatu alikuwa jirani yangu. Tulilima pamoja, maksai wake mmoja na wangu mmoja kwenye plau moja, mwaka huu tukianza kwake, mwaka ujao kwangu. Msimu uliotangulia alichelewa kwenye mwano, na alipoulizwa sababu akasema alikuwa anatafuta shati. Alitozwa mbuzi. Mbuzi si kitu, lakini wacheza ngoma waliupata ule mkasa wakautungia wimbo, na ulipofika wakati wa mavuno uliimbwa kila mahali, hadi visimani. Mkewe aliwahi kurudi na ndoo tupu kwa sababu ya wimbo ule.

Tulimkuta asubuhi ya pili, chini kabisa, maji yalipopungua. Nilikuwa miongoni mwa waliombeba. Alikuwa kifua wazi.

Msibani mkewe hakulia kwa sauti. Alikaa na mtoto wao wa miezi mitano mapajani, msichana, akarudia maneno yaleyale kwa kila mwanamke aliyekuja kumpa pole. Nilikuwa karibu na mlango, nikayasikia mara nyingi.

"Alikuwa na homa. Mwano ulipolia aliinuka, akasema nipe shati. Mimi nikalishika shati. Nikamwambia nenda hivyohivyo, wasije wakatuimbia tena. Mimi ndiye niliyemtoa."

"Usiseme hivyo, mayu," wanawake walimwambia. Mayu ni mama, ndivyo tunavyomwita mwanamke kwa heshima. "Ni kazi ya Mungu."

"Mungu hakushika shati," alijibu.

Mwano hupokelewa, kwa hiyo si rahisi kujua aliyeuanza. Wanawake wa mtoni walisikia filimbi lakini hawakuona mtu. Wa kivuko cha tatu waliniona, lakini walidhani nami nimekimbia kama wao. Nilimfuata mtemi, nikamweleza.

Akaniuliza, "Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza. Ukisema ni wewe, kesho utadaiwa ng'ombe na nyumba tatu. Hilo utalimudu, una baba na wajomba. Lakini keshokutwa mtu ataona wezi zizini kwa jirani, ataishika filimbi, atakukumbuka wewe, ataiacha. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Wala sikuona kwamba amekosea, na ndiyo maana ikawa rahisi kwangu kunyamaza. Nilikwenda kwenye matanga kila siku. Nilipasua kuni, nilikula ugali uliopikwa na mikono ya yule mjane, na aliponiita shemeji niliitika.

Baada ya wiki chache walikuja wageni, watu wa shirika la msaada, na gari jeupe. Walileta mablanketi, sufuria na kipaza sauti cha betri cha kutoa tahadhari, ambacho betri zake zilikwisha kabla ya pamba kupevuka na hazikuuzwa popote karibu zaidi ya Mwanza. Walikuwa watu wema. Walituambia kwamba msiba hauishii kwenye mali, unaingia na moyoni, na moyo nao unatibiwa. Mimi sikuwahi kusikia mtu akilisema hilo waziwazi, nikaliandika.

Kisha wakatuketisha darasani, wanaume na wanawake, wakwe na wakaza wana katika duara moja, tukitazamana. Wakagawa karatasi na rangi, tuchore kile kinachotusumbua. Kwetu huwezi kumchora marehemu, na huwezi kusema habari za kifo cha mumeo huku baba mkwe amekukazia macho. Watu wakatazamana. Mzee mmoja akachora ng'ombe. Wengine, kwa kuona mwenzao amepata njia, nao wakachora ng'ombe.

"Ng'ombe hawa wanawasumbua nini?" aliuliza mgeni, kwa upole.

"Wezi," akajibu mzee.

Yule mjane alirudisha karatasi nyeupe.

Aliyekuwa akiwatafsiria wageni alikuwa muuguzi wa hospitali mjini, mwanamke wa makamo aliyekaa Somanda, palepale Bariadi mjini, kwao wilaya ya Maswa, maeneo ya Binza. Aliiona ile karatasi nyeupe. Wageni walipoondoka yeye aliendelea kuja, kila Jumamosi, kwa baiskeli, kwa nguvu zake mwenyewe. Hakumuuliza mjane swali hata moja. Alikaa naye uani, ubavuni, wote wakitazama upande mmoja, akimenya karanga. Nilimwona akimenya karanga kwa Jumamosi tatu, nikajiuliza anafanya kazi gani.

Wakati huo hali ya mjane ilikuwa inashuka. Filimbi yoyote, hata ya mwalimu wa michezo shuleni, ilimwinua. Alikwenda kufunga mlango na komeo, akakaa gizani mpaka mama mkwe wake ambembeleze atoke. Alipika, akapakua, akawapa wengine, yeye akaacha. Majani yaliimeza pamba yake. Maziwa yakaanza kukauka, na mtoto, aliyekuwa na mashavu, akabaki macho.

Jumamosi ya nne muuguzi alinisimamisha njiani.

"Kaka, wewe ni katibu. Mtoto yule amepungua tena. Nimempima. Mama asipokula, tutampoteza mtoto kwanza, halafu yeye."

"Apelekwe hospitali."

"Alilazwa siku tano, umesahau? Tulimpa kila kitu. Tumboni hana kitu kinachomzuia." Aliegemeza baiskeli kwenye nyonga. "Anasema amemuua mume wake. Usiku na mchana hilo tu. Watu wanamwambia ni Mungu, hasikii. Nataka nijue siku ile ilikwendaje, tangu mwanzo, ili nimweleze kwa mpangilio. Mwano nani aliuanza?"

"Haijulikani," nilisema. "Mwano hupokelewa."

Alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, bali kama anavyotazama kidonda ambacho mgonjwa amesema kimepona.

"Sawa," alisema. "Ila huyo asiyejulikana, ukikutana naye, mwambie asije kumketisha mama yule kwenye kiti na kumhutubia. Achukue jembe. Watu wa kwetu wanasema mambo mazito mikono ikiwa na kazi."

Akapanda baiskeli yake.

Nilikaa na maneno hayo siku mbili. Ningependa kuandika kwamba niliamua haraka. Niliwaza ng'ombe wa baba yangu. Niliwaza maneno ya mtemi. Niliwaza pia, na hili ndilo baya kuliko yote, kwamba wakijua wataichukua ile kazi ya ukatibu. Siku ya tatu asubuhi nilimsikia mtoto akilia ng'ambo ya uzio kwa sauti iliyokuwa ndogo kuliko ya jana yake. Nikachukua jembe.

Niliingia shambani kwake nikaanza palizi mwenyewe. Majani yalikuwa yamefika magotini. Jua lilipopanda alitoka, mtoto mgongoni, akasimama kwenye kingo za shamba akinitazama kwa muda.

"Shemeji," alisema, "hiyo unayokata si majani. Ni pamba."

Nikatazama, ilikuwa kweli. Alirudi ndani akatoka na jembe lake, akaingia mstari wa pili, kando yangu. Nadhani alishindwa kuvumilia kuona pamba ikikatwa. Tulikwenda mistari miwili hivyo, yeye akiniacha nyuma kidogo na kunisubiri.

"Shemeji," nilisema. "Siku ile mwano niliuanza mimi."

Jembe lake halikusimama.

"Niliona maji. Nilitaka kuwatoa wanawake mtoni."

Alikata, akavuta majani, akakata.

"Na kule kivuko cha nne, nani alimpanga?"

"Mimi."

"Kwa nini pale?"

"Nyumba yenu iko karibu. Na alikuwa na miguu mirefu, nikaona atavuka upesi."

Alifika mwisho wa mstari, akageuka, akaanza mwingine. Nami nikageuka. Mtoto mgongoni mwake alikuwa amelala, kichwa kikicheza kwa kila pigo la jembe.

"Angevaa shati angechelewa," alisema. "Yule wa katambuga alichelewa. Leo yuko kwake."

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba shati lisingebadilisha kitu. Nilikuwa nimeyapanga maneno yenyewe. Lakini nilikuwa nimepima njia ile mara nyingi, kutoka mlango wake mpaka kivukoni, na nilijua.

"Ndiyo," nilisema. "Angechelewa, angepona."

Sasa jembe lilisimama.

"Ila aliyefanya kuchelewa kuwe kosa si wewe," nilisema. "Ni mimi na wenzangu. Faini ya mbuzi niliiandika mimi. Kuvuka kwanza niliandika mimi. Wewe ulimhimiza afanye tulichokuwa tumemwamuru. Na mlio niliopiga ulikuwa wa kumwita, sikuwa na mlio mwingine, na nilikuwa nikijua hatuna."

"Ulikuwa ukijua."

"Nilisema mkutanoni. Wakanicheka, nikaacha."

Upepo ulipita kwenye pamba. Alikuwa akitazama mbele, upande wa migunga, wala si upande wangu.

"Umekula kwangu matanga," alisema polepole. "Siku zote zile. Ulikuja ukakaa, nikakupakulia, ukala, ukiwa nalo hilo tumboni. Na mimi ukanisikia nikisema ni mimi."

"Ndiyo."

"Ulikuwa pale mlangoni."

"Ndiyo."

Alivuta kanga akamfunga mtoto vizuri. "Maliza mstari wako, katibu," alisema, "uende."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita katibu. Niliumaliza mstari. Ulikuwa mrefu.

Mama mkwe wake alikuja kwangu jioni ya siku ile, bibi mdogo mkavu ambaye hakuwahi kuwa na maneno mengi. Alisimama nje ya mlango akakataa kiti.

"Amekutukana mchana kutwa," alisema. "Wewe, na baba yako, na shule uliyosoma. Sijawahi kusikia matusi kama yale, mengine sikujua kama yapo."

"Sawa, mayu."

"Halafu akasema ana njaa." Akaegemea fimbo yake. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti yake haikubadilika. "Huyo uliyemwita alikuwa mwanangu. Mimi sina la kukuambia. Nimekuja kusema amekula."

Mengine yalikwenda kama mtemi alivyosema. Nyumba tatu zilidai, wazee wakakaa, ng'ombe wakatolewa. Ukatibu nikauacha kabla sijaondolewa. Na ni kweli kwamba msimu ule mazizi mawili yalivunjwa na majirani waliosikia hawakupiga mwano. Mmoja wao aliniambia usoni kwamba aliishika filimbi akanikumbuka mimi. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba ukweli wangu haukumgharimu mtu mwingine.

Mtoto alinenepa. Muuguzi alikuja Jumamosi mbili zaidi, akampima, akaacha kuja. Siku ya mwisho alinikuta njiani akasema, "Sasa amepata mtu wa kumkasirikia. Ni nafuu kuliko kujikasirikia mwenyewe. Wewe ndiye utakayeona ugumu." Nilimuuliza hali hiyo hudumu muda gani. Alisema hospitali hawana kipimo cha hilo.

Kabla ya mvua zilizofuata mkutano uliitwa, safari hii kwa ajili ya mto peke yake. Watu walizungumza sana juu ya kile kipaza sauti, nani anunue betri, nani akitunze. Wengine walitaka wamfuate mnunuzi wa pamba wakaombe ufunguo wa ghala. Mjane alisimama nyuma, kwenye kundi la wanawake. Wanawake hawakuwa na kawaida ya kusimama kwenye mikutano ya sungusungu.

"Mtemi," alisema, "sisi ndio tunaoshinda mtoni. Filimbi ni zenu, zina mambo yenu ya kukimbizana na wezi. Tupige debe. Kila nyumba ina debe, na hakuna atakayekuja kulikodi."

Watu wachache walicheka, lakini si kwa kejeli.

"Debe likilia, hakuna kushika upinde," aliendelea. "Ni kupanda kilimani, mwenye shati na asiye na shati. Na msimtoze mtu faini ya debe. Aliyechelewa amechelewa."

Mtemi alimtazama kwa lile jicho lake. Aliwauliza wanaume kama kuna mwenye neno. Hakuna aliyekuwa nalo. Mimi nilikuwa nimekaa chini mwishoni kabisa, na mjane alipokuwa akikaa macho yake yalipita juu yangu kama yanavyopita juu ya kichaka.

Debe limepigwa mara mbili tangu wakati ule, na mara zote mbili watu walihesabiwa kilimani wakawa kamili.

Mjane yuko hai, ana wajukuu. Pamba alishaiacha, sasa analima dengu na mpunga kidogo. Bado sisi ni majirani. Kwetu salamu si jambo dogo: mtu humsalimu hata yule anayeshitakiana naye barazani, asubuhi husalimiana wakiwa njiani kwenda kwenye kesi, na kumnyima mtu salamu ni kumwambia kwamba hayupo. Tangu siku ile ya palizi hajaitikia salamu yangu. Hajaniudhi kwa lolote jingine, wala hakumzuia mtoto wake asicheze na wangu. Mke wangu alitaka wazee watupatanishe. Nilimkatalia.

"Mwangaluka, mayu," namwambia kila asubuhi tukikutana kwenye njia ya kisimani. Umeamkaje, mama. Njia ni nyembamba, ina miiba pande zote mbili. Anakuja na ndoo kichwani, macho mbele, naye hapunguzi mwendo. Ninajibana kwenye miiba ili apite.